Kwa Mama Hodi, Aliyeketi Mlangoni pa Chumba Namba Tisa

Alhamisi hii unatimia mwaka, Mama, tangu ulipobeba kigoda chako asubuhi ukatuambia tuifunike chai yako, maana unarudi sasa hivi. Tuliifunika. Ilikaa mezani siku mbili, mpaka watu wa msibani wakaanza kuulizana kikombe ni cha nani, ndipo Baba akatoka nacho nje akaimwaga mwenyewe.

Anayekuandikia ni mimi, kifungua mimba wako, uliyeniita Mdomo tangu nina miaka mitatu na jina likanikaa. Baba alisema niandike mimi, yeye atasoma. Amesoma, amevua miwani, amesema, "Liache hivyohivyo." Mchungaji anaona mengine humu si ya kuwekwa gazetini. Lakini wewe hukuwa mtu wa kuficha mambo, na nyumbani tumechoka kunong'ona, kwa hiyo tunayasema.

Watasoma na wasiokujua, basi niruhusu niwaeleze kidogo. Kwa miaka kumi na tisa ulihudumu katika ile huduma ya kanisa letu inayowapokea vijana wanaotoka kituo cha watoto yatima. Kituo kinawalea mpaka miaka kumi na minane, kisha geti linafunguliwa na kijana anatoka na begi moja. Huduma inamtafutia chumba, godoro, ndoo, jiko na mahali pa kujifunza kazi. Hayo hata wengine waliyaweza. Lililokuwa lako peke yako ni hodi.

Wewe ndiye uliyegundua kwamba vijana wa kituo hawajui hodi. Maisha yao yote mlango hufunguliwa na mlezi, kwa saa anayotaka mlezi. Kengele ikilia wanaamka, ikilia wanakula, ikilia wanazima taa. Hakuna aliyewahi kusimama nje akawaomba ruhusa ya kuingia. Ndiyo maana ukipiga hodi kwa kijana aliyetoka jana, anasimama wima kando ya godoro, mikono ubavuni, anakusubiri uingie, na neno hasemi. Wapo waliokaa ndani siku mbili na mlango hauna hata komeo, wanangoja kuambiwa watoke. Yule kijana wako wa kwanza kabisa, ambaye leo ni fundi wa magari mwenye kitambi chake, alikuwa anapika maharage ya watu sitini kwa sababu hicho ndicho kipimo pekee alichokijua. Majirani zake walinawiri mwaka ule.

Basi ukajiwekea sharti lako. "Siingii mpaka mwenye chumba aseme karibu." Ulisema hata Bwana anabisha, hasukumi mlango wa mtu, sembuse wewe. Unapiga hodi mara tatu. Usipojibiwa, unaketi nje kwenye kigoda, unatoa pazia unalomshonea kijana huyo, unashona. Asubuhi nzima, kisha unarudi Alhamisi inayofuata, na inayofuata. Pindo la mwisho hukulimaliza nje hata siku moja. Ulilimalizia ndani, ukishakaribishwa, kisha ukafunga uzi mafundo matatu, ukaukata kwa meno, mkalitundika pazia wewe na mwenye chumba, kila mmoja ameshika upande wake. Hapo ndipo ulipohesabu kwamba kijana ametoka kituoni.

Kigoda alikutengenezea Baba, naye ni seremala wa kusifika, ila hicho alikifanya harakaharaka na mguu mmoja ukawa mfupi. Ukishona unakitikisa, ka, ka, ka. Baba aliona aibu, kila mwaka akataka kuurekebisha, kila mwaka ukamkatalia. "Uache. Aliye ndani ajue bado nipo."

Na kuaga kwako, Mama! Kuingia kwa watu ulikujua kuliko sote, lakini kutoka ulikuwa huwezi. Unaaga umeketi, unaaga umesimama, unaaga mlangoni, unafika getini unakumbuka habari ya harusi ya mwaka juzi. Kitindamimba wako, aliyekuwa dereva wako wa kujitolea, alijifunza kulala garini na kiatu nje ya dirisha. Tulicheka sana kuhusu hilo. Hatukujua lingekuja kututoa jasho.

Acha nikutajie na kosa lako moja, kwa kuwa hukupenda marehemu wa kusifiwa tu. Hodi uliwapa watu arobaini na mmoja ambao hukuwazaa. Sisi uliotuzaa ulituvamia vyumbani kama polisi. Nilikulalamikia nikiwa na miaka kumi na sita, nikiwa nimejifunga taulo, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mtoto wangu mwenyewe nimpigie hodi ya nini?" Nina miaka thelathini na tisa sasa, na bado lilikuwa linaniuma. Niliwaonea wivu wale vijana, Mama. Ndiyo, mimi, mwalimu wa Shule ya Jumapili.

Wa arobaini na mmoja alikuwa yule binti wa chumba namba tisa.

Ulimwita Bi Kimya. Anakoishi ni vyumba kumi vinavyotazama ua mmoja, bomba katikati, na kamba za nguo za Mama Dobi, mpangaji mwenzake, zimevuka ua kutoka ukuta hadi ukuta. Alhamisi saba ulikaa mlangoni pake na hukupata hata kikohozi. Kitambaa cha pazia ulikichagua kwa kubahatisha, bluu yenye maua madogo meupe, kwa kuwa mwenyewe hukuwahi kumsikia akisema anapenda nini. Nyumbani nilikuuliza, "Mama, huyo humwachi?" Ukanijibu kwamba anakuja hadi nyuma ya mlango, unamsikia anavyopumua, na safari ya mtu kutoka kwenye godoro hadi mlangoni si fupi kama ninavyodhani.

Alhamisi ya nane Mama Dobi alikuwepo tangu saa mbili, anaanika mashuka mbele ya mlango huohuo. Alikusikia ukipiga hodi. Alikuona ukiketi, pazia mapajani. Saa tatu alikusalimu hukuitika, akadhani umesinzia, maana kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta vizuri tu. Saa sita akakuletea chai, akakugusa bega. Daktari alisema moyo ulikuwa umesimama tangu saa tatu au kabla yake. Sindano ilikuwa bado kati ya vidole vyako. Pazia halikuwepo mapajani, wala chini, wala kwenye mfuko wako.

Nilifika na Baba. Sikupiga hodi. Niliupiga ule mlango teke, ukafunguka, haukuwa umefungwa na chochote. Binti alikuwa ameketi kwenye godoro, mwembamba, macho makubwa, na nyuma yake dirishani limetundikwa pazia la bluu lenye maua madogo meupe. Chini kulikuwa na vikombe viwili.

"Ulikuwa humu ndani muda wote?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada."

"Mama yangu anakufa mlangoni kwako na wewe umekaa? Hukusikia? Huna mdomo?"

"Mama aliingia, dada." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Kengele ya shule ilikuwa imeshalia, ile ya saa nne. Nikasema karibu. Akaingia."

Mama Dobi alikuwa nyuma yangu. Akaanza kuapa kwa Mungu kwamba mlango ule haukufunguliwa asubuhi nzima, na kwamba saa nne wewe ulikuwa umeketi palepale pa saa tatu. Nikaenda dirishani nikalishika lile pazia. Pindo la mwisho lilikuwa limeshonwa lote. Mwisho wa uzi palikuwa na mafundo matatu, na uzi umekatwa kwa meno, bado una unyevu.

Nilinyanyua mkono kumpiga yule binti. Baba akaudaka.

"Na sasa yuko wapi huyo aliyeingia?" nikamuuliza, nalia.

Binti akatazama godoro upande wake wa kulia, mahali pasipo na mtu, akanitazama mimi kama anayeona haya kwa niaba yangu.

"Hajatoka," akasema.

Tulikuzika Jumamosi. Kwaya iliimba, vijana wako wale arobaini walikuja wote, wengine na watoto wao, na fundi wa magari alilia mpaka akakaa chini. Bi Kimya hakuja. Nilisema maneno mabaya juu yake mbele za watu, kwamba amemwacha mama yangu afe kama mgeni asiyetakiwa. Nilisema angeitikia tu, neno moja, angekuona unavyozidiwa, tungekuwahi. Nililisema mara nyingi mpaka likawa ndiyo habari yenyewe kanisani. Akina mama wa huduma waliendelea na vyumba vingine vyote. Namba tisa hakwenda mtu, na aliyesababisha ni mimi.

Mwezi wa saba baada ya msiba Mama Dobi akaja nyumbani, hakutaka hata kuketi.

"Yule mtoto atakwisha mle ndani," akasema. "Hatoki. Alfajiri anachota ndoo moja ya maji, basi. Kule kwenye kiwanda cha mkate alikotafutiwa kazi hajakanyaga hata siku moja. Mimi ndiye ninayemwekea chakula mlangoni, na anakula nusu, nusu anamwachia mtu."

"Anamwachia nani?" Baba akauliza.

"Baba, mimi nafua nguo za watu, sitaki maneno. Lakini mle ndani kuna sauti mbili. Wanazungumza mchana kutwa, wanacheka. Na kuna kitu kinagonga sakafu. Ka, ka, ka."

Sote tukatazama jikoni. Kigoda chako kilikuwa pale chini ya rafu, na mfuko wa vitunguu juu yake, tangu siku ya msiba.

Mchungaji alikwenda kwanza. Alipiga hodi, akajibiwa, akaingia, na kwa maelezo ya Mama Dobi alitoka kabla ya amina. Alikuja kwetu akaomba maji. Alisema binti yuko peke yake, amekonda, ana adabu, vikombe viwili. Baba akamuuliza mbona ametoka upesi hivyo. Mchungaji akaweka maji chini, akasema, "Aliyenikaribisha si yule binti. Sauti ile ninaijua. Imeimba sauti ya pili kwenye kwaya yangu miaka ishirini."

Alipoondoka, Baba aliondoa mfuko wa vitunguu, akakifuta kigoda vumbi kwa kiganja, akaniwekea miguuni.

"Siwezi, Baba."

"Mama yako alijua kuingia," akasema. "Kutoka unajua mwenyewe alivyokuwa. Yule mtoto hajui kuaga, kwao watu huondoka tu bila kusema. Wamekutana wawili wasiojua. Nenda."

Nilikwenda Alhamisi, saa mbili asubuhi, jua limewaka, mashuka yamejaa kwenye kamba. Sitasahau. Nilipiga hodi, ya kwanza tu.

"Karibu," ukasema. "Karibu, mwanangu, mlango uko wazi."

Nilikimbia, Mama. Mtu mzima na kanga yake, nilikimbia mpaka barabarani, na Mama Dobi nyuma yangu amebeba kigoda anapiga kelele nimesahau kiti. Usiku ule nilikusikitikia, nikajisikitikia, na asubuhi nikamwambia Baba sirudi tena. Alhamisi iliyofuata nilirudi.

Safari hii nilikuwa nimejikaza nisikimbie. Nikapiga hodi zote tatu, nikaketi. Kutoka ndani nilisikia kigoda, ka, ka, na kigoda nimekikalia mimi.

"Karibu, Mdomo," ukasema. "Mbona unakaa nje kama mgeni?"

Sauti ilikuwa yako kabisa, na kile kicheko kidogo cha mwisho. Kila kiungo changu kilitaka kuusukuma ule mlango. Ulikuwa umbali wa mbao mbili, Mama. Nililia hadi nikashindwa kupumua, Mama Dobi akaja akanishika mabega. Kisha nikakumbuka sharti lako, nikalisema, na sijui nguvu nilizitoa wapi.

"Siingii mpaka mwenye chumba aseme karibu."

"Si nimesema?"

"Wewe si mwenye chumba, Mama."

Kigoda cha ndani kikanyamaza. Ua mzima ulinyamaza, hata bomba linalovuja daima. Nilikaa hadi saa sita sikusikia kitu, ila nyuma ya mlango, chini kabisa, kama aliyeketi sakafuni, nilisikia mtu anapumua. Ndipo nilipoelewa ulichokuwa unakisikiliza Alhamisi zote zile.

Ya tatu nilikwenda na sketi ya kushona ili nisikae bure. Unajua mishono yangu. Nilisikia mle ndani mtu anaguna, kisha sauti yako ikasema taratibu, "Ee Mungu, mshono gani huo." Nilicheka huku nywele zimenisimama. Na huko ndani, pamoja na kicheko chako, nilisikia cha pili, kidogo, cha msichana. Nikaona nafasi ndiyo hiyo, nikauweka mdomo wangu karibu na ufa wa mlango.

"Bi Kimya," nikasema, "nilikukosea. Nilisema wewe ndiye uliyemwacha mama yangu afe. Daktari alisema alikwenda saa tatu au kabla yake, na hata ungeitikia kabla yake sijui kama kuna ambacho kingebadilika. Nililijua hilo tangu siku ile. Nilitaka tu kuwe na mtu wa kumkasirikia. Nisamehe."

Halafu sauti iliyokauka ikasema, "Dada, nikisema karibu, yeye ataondoka?"

Ningeweza kumdanganya. "Sijui," nikamwambia. "Nadhani ndiyo."

"Basi sisemi."

"Sawa. Mimi niko hapa nje." Nikakitikisa kigoda, ka, ka, ka, asikie.

"Hajawahi kukaa na mimi mtu mmoja tu," akasema baadaye sana. "Kituoni mlezi ni wa watu wote. Huyu ni wangu peke yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba kwanza ulikuwa wangu. Nilijiuma ulimi, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo la kuandikwa. Nilimwambia kwamba naelewa unavyopendeka, lakini wewe umeshakula chakula chako cha dunia hii, na nusu sahani anayokuachia inammaliza yeye. Nikamwambia kiwanda cha mkate wamekubali kumsubiri. Nikamwambia ulikuwa ukimshonea pazia ili awe na dirisha la kufungua asubuhi, si la kujifichia.

Alhamisi ya nne sikusikia sauti yako. Nilisikia yake, inanong'ona, anakuuliza kitu na kungoja, anakuuliza tena. Sikusikia ulichomjibu. Sitaki kukijua, hilo ni lenu.

Ya tano nilipiga hodi mara moja tu.

"Karibu, dada," akasema.

Ilikuwa sauti yake, mbovu, imekwaruza, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama pale kizingitini kwenye mwanga, amekonda vibaya, machozi hadi shingoni. Mimi sikuingia mara moja. Nilisogea pembeni, kama unavyompisha mtu mzima anayetoka.

Harufu ya sabuni yako ya mche ilipita kwanza. Kisha sketi yangu ikaguswa upande, kama ulivyokuwa ukinigusa kanisani nikaze mgongo. Hapakuwa na upepo, Mama Dobi ni shahidi. Lile shuka la kwanza kwenye kamba likafunuka, likajifunga. La pili likafunuka. Moja baada ya jingine, kwa mwendo wa mtu wa magoti mabovu, mpaka la mwisho kule getini. Hapo ukasimama. Ulisimama, Mama, dakika ngapi sijui, na shuka la mwisho limeinuliwa upande, halishuki, mpaka Mama Dobi akasema kwa sauti ya kilio, "Jamani, hata leo?"

Nilimtazama Bi Kimya. Mdomo wake ulikuwa unahangaika na neno ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha.

"Kwaheri, Mama," akasema.

Shuka likashuka.

Tangu siku hiyo chumba namba tisa kina mtu mmoja na vikombe viwili, kimoja ni cha mgeni. Bi Kimya anakwenda kiwandani alfajiri na anarudi ananukia mkate. Ufunguo anauvaa shingoni. Mwezi uliopita aliusahau ndani akajifungia nje, akaja kwetu kwa miguu kutueleza, na alicheka kama aliyepewa zawadi. Alhamisi yake ya mapumziko anabeba kigoda chako, tunakwenda wote. Kituo kimetoa kijana mwingine. Tumeshakaa mlangoni pake mara tatu. Bi Kimya anasema anamsikia, yuko karibu na godoro bado, tusiwe na haraka.

Sasa lililo langu, na nimeliacha la mwisho kwa kuwa Baba amelijua leo tu aliposoma.

Alhamisi iliyopita nililala kwa Baba, kwenye chumba changu cha usichana. Saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa nakunja nguo. Baba alikuwa uani kwenye karakana, nasikia randa lake. Kigoda kilikuwa kwa Bi Kimya. Mlango wangu nilikuwa nimeurudishia. Na nje yake, pale kwenye korido, kitu kikagonga sakafu. Ka, ka, ka.

"Hodi," ukasema.

Miaka thelathini na tisa, Mama. Hukusukuma. Hukuingia. Ulisimama nje ya mlango wa mtoto wako uliyemzaa, ukapiga hodi.

"Hodi, Mdomo."

Nilijua ni neno moja tu. Nilijua ningelisema, ungeingia, ungeketi kitandani na kuzicheka nguo zangu nilivyozikunja, na kwamba kamwe nisingepata nguvu ya kukwambia kwaheri. Watoto wangu wangekula sahani zilizopungua nusu na kumwona mama yao anacheka na ukuta. Nilishika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Ulipiga ya tatu, ukaketi, nikakusikia ukishusha pumzi kama unavyoshusha. Nilikuja hadi nyuma ya mlango. Nilikaa sakafuni. Najua ulinisikia nikipumua. Tulikaa hivyo hadi saa sita, wewe nje na mimi ndani, kisha kigoda kikanyamaza.

Sikukuitikia, Mama. Usidhani sikutaka. Ni wewe uliyetufundisha kwamba mwenye chumba ana haki ya kukaa kimya na anayempenda atasubiri. Nisubiri basi. Siku yangu ikifika sitangoja uje. Nitakuja mimi hadi mlangoni kwako, nitapiga hodi mara tatu kwa adabu zote, na wewe utasema lile neno.

Wanaokukumbuka ni mumeo, Baba yetu seremala, mimi Mdomo na mume wangu, Kitindamimba wako na mkewe, wajukuu wako wanne, mmoja wao hukumwona, ana kucha zako, Mchungaji na akina mama wa huduma, Mama Dobi, na wanao wa mlangoni arobaini na mmoja, ambao Alhamisi hii saa nne asubuhi, kila mmoja chumbani kwake, watafungua pazia.

Hutasahaulika kwetu, Mama Hodi, ndani wala nje. Na mguu wa kigoda hatujaurekebisha.